Rannu na Mama Yake Mwalimu

Kamwambia! Shoga, kamwambia kweli, tena kavukavu, mimi nimesimama mlangoni na sahani ya vitumbua, nusura nivimwage vyote!

Haya, ngoja nipumue. Ni Rannu, yule ninayekaa naye chumba kimoja hapa chuoni, yule anayebishana hata na kengele. Wiki iliyopita kwenye somo la maadili tuliulizwa: uongo wa kumhurumia mtu, nao ni uongo? Rannu akainuka. Akasema sisi Watoraja wa milima hii ya Sulawesi tunadanganya kila siku ya Mungu, maana mtu akikata roho tunamwita mgonjwa, tunamlaza chumbani kwake, tunampelekea kahawa, mpaka siku nyati wa mazishi yake wanapochinjwa ndipo tunakubali kwamba amekufa. "Tunawadanganya watoto," akasema, "na sisi wenyewe tunajidanganya."

Wewe umekulia mjini Makassar, hujui, ila sisi wote tunajua baba yake Rannu ni mgonjwa wa namna hiyo, mwaka wa pili sasa, kaka zake bado wanahangaika kutafuta nyati. Na Rannu hajakanyaga kwao tangu siku baba alipoanza kuumwa hivyo. Mama yake akipiga simu, "Njoo umsalimie baba yako, anakuulizia," yeye anakata.

Mwalimu Palinggi, anayetufundisha somo hilo, wala hakukasirika. "Mama yangu naye anaumwa," akasema. "Jumamosi njooni nyumbani. Na wewe Rannu, huo ukweli wako ukamwambie mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Jamani, asije akampandisha presha bibi wa watu!" Sampe, mwenzetu darasani, akaropoka. Tukacheka, hata mwalimu.

Lakini Jumamosi, ukishaingia mle chumbani kwa mama yake, shoga, kicheko chenyewe kinakukimbia. Bibi kalala, kichwa magharibi kama desturi yetu kwa wagonjwa wa namna hii, kafunikwa shuka jekundu la kufumwa. Miwani yake pembeni. Kahawa yake bado inafuka moshi. Mwalimu akainama, sauti ya chini kabisa: "Mama, hawa ni wanafunzi wangu. Mmoja ana neno na wewe." Akampisha Rannu.

Rannu akasogea. Akasema, "Samahani, Bibi. Umekufa."

Mwalimu akamwuliza polepole, "Hiyo samahani ulikuwa unamwomba nani?"

Rannu huyuhuyu! Akakaa sakafuni miguuni pa Bibi, akaanza kulia, kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima.

"Nikimsalimia asinijibu, je?" akasema. "Baba hajawahi kuninyima jibu. Hata nikimuudhi vipi, ananijibu."

Mwalimu naye akakaa chini, suruali yake nzuri na yote. "Mimi namsalimia huyu kila asubuhi," akasema. "Hajibu. Na kila asubuhi inauma."

Basi. Hakuongeza hotuba. Nikaweka sahani yangu pale karibu na kahawa ya Bibi.

Baadaye Rannu akatoka barazani, akampigia mama yake. "Mama, niwekee simu sikioni kwa Baba." Sote tukajifanya tunatazama nguruwe wa mwalimu. "Baba, ni mimi. Nimechelewa." Akanyamaza, muda mrefu kweli, kama vile anangoja. Halafu akashusha sauti, na mimi nikamvuta Sampe tukaondoka pale, maana yaliyofuata hayakuwa yetu.

Na usidhani kaifuta hoja yake! Anasema bado tunadanganya, ila sasa hajui tunamdanganya nani. Hapa ninapokusimulia yuko nyuma yangu anakunja nguo, kashaikunja blauzi moja mara tatu. Alfajiri tunapanda basi wote wawili kwenda kwao. Kaniomba nimshike mkono tukifika kwenye mlango wa chumba cha baba yake. Kama ataingia ama atarudi nyuma pale kizingitini, mimi sijui, na yeye hajui. Kesho usizime simu, nikitoka tu pale wewe ndiye wa kwanza nitakayempigia.