Moshi wa Korosho Kwenye Njia ya Mwanga

Enzi za marehemu mume wangu Halfani, siku ya mpira uwanja wangu hapa Ruangwa ulikuwa hauna pa kukanyaga. Halfani juu ya bati anazungusha antena, sisi chini tunapiga kelele: "Rudisha! Umepitiliza! Hapohapo, usipumue!"

Siku hizi vijana wanapanda mlimani na simu zao, maana huku bondeni mtandao unakwama kila kipa akiruka. Uwanjani wamebaki kuku. Binti yangu Rukaiya, aliyeolewa Nachingwea, akaniambia, "Mama, unaongea na masufuria. Hamia kwangu." Nikamjibu, Jumapili Namungo inacheza, watu wasipojaa kwangu, nahama.

Nikamwita Faudhia, fundi. Akaja na visanduku viwili vyenye jicho la kioo. Kimoja akakifunga ng'ambo ya bonde, kwenye duka la Bakary lenye intaneti, cha pili juu ya bati langu. Vinatazamana, vinarushiana mwanga usioonekana, na mwanga huo ndio unaoleta picha.

"Vikikosana kidogo tu, mama, hakuna mpira," Faudhia akanionya.

Jumapili hiyo watu wakaja kumshangaa huko juu, akikaza na kulegeza skrubu.

"Dada, Halfani alikuwa hachelewi hivi!" jirani yangu Swalehe akamchokoza.

"Halfani alitafuta mawimbi, mimi natunga sindano ya ng'ambo!"

Taa ya kijani ikawaka. Shangwe! Ikazima. Ikawaka, ikazima tena. Faudhia akarudia skrubu zote, wapi. Mpira umekaribia, watu wameanza kutafuta ndala zao, nami moyoni naliona gari la kunihamisha.

Ndipo harufu ikanifikia. Nyuma ya nyumba shoga yangu Ashura alikuwa anachoma korosho, kama tulivyozoea siku za mpira, na moshi mweusi unapanda moja kwa moja mbele ya kile kijicho.

"Ashura, zima!"

"Nizime? Hazijaiva, zitawababua midomo!"

"Basi wakae na njaa!"

Swalehe akaumwagia moto mchanga. Moshi ukaisha, kijani ikatulia, wachezaji wakaonekana kwenye runinga wakiingia uwanjani. Kelele zile! Nikatazama juu ya bati kwa mazoea, nikamwona Faudhia, nikafuta macho.

Rukaiya akapiga simu. "Mama, gari lije lini?"

"Sikusikii, mwanangu. Njoo mwenyewe, kama utapata pa kuvulia viatu."