Moyo wa Rafu ya Tatu

Wanafunzi walimbandika jina la Bwana Kemia, naye hakulikataa. Kila mwaka, siku ya kwanza ya somo la kupasua maiti, aliwaambia yaleyale: mtu ni maji, chumvi na umeme kidogo, umeme ukikatika, iliyobaki ni nyama. Walicheka, na waliokuwa wakiogopa wakajikaza, wakashika visu.

Ndivyo alivyoamini pia miaka sita nyuma, alipompasua binti wa miaka tisa aliyefariki ghafla, akakuta moyo wenye kasoro ambayo alikuwa akiisoma vitabuni tu. Hakumuuliza mtu. Aliutia kwenye chupa yenye dawa ya kuhifadhia, akaushona mwili vizuri, akaurudisha kwa wenyewe. Moyo ukakaa darasani, rafu ya tatu, ukifundishiwa. Usingizi haukumpaa hata siku moja.

Kilichomtoa raha ni msiba wake mwenyewe. Baba yake alifia katika hospitali ya chuo hapohapo, kwa ugonjwa usiojulikana. Daktari mwenzake akamwendea kwa upole.

"Pole sana, kaka. Tungemfungua mzee, tujue kilichomwondoa."

"Hapana," alijibu kabla hajafikiri. "Baba yangu haguswi."

Mwenzake hakubisha. Lakini maneno yake mwenyewe yalimkaa kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki. Aliporudi darasani, alishindwa kuitazama ile chupa. Akafukua majalada, akapata anwani, akaenda.

Mama wa binti alikuwa fundi cherehani. Alimkuta barazani akipinda sare za shule, akamvutia kiti na kuendelea kushona.

"Mama, mimi ndiye niliyempasua mwanao. Nilibakiza moyo wake. Sikuomba ruhusa."

Cherehani ikanyamaza.

"Uko wapi?"

"Kwenye chupa, darasani. Wanafunzi wanajifunzia."

"Sasa mimi nilizika nini, daktari?"

Daktari akashika jibu lililokuwa karibu. "Kwa ajili yake tumeutambua ugonjwa ule mapema kwa watoto wawili. Wamepona." Hata yeye alisikia maneno yakimpwaya.

"Nafurahi kwa hao watoto," mama alisema taratibu. "Ungeniomba, baba, huenda ningekupa. Si siku ile, siku ile nilikuwa sijitambui. Lakini wewe ulichukua kwa sababu ulijua sitajua."

Keshoye asubuhi mama alifika chuoni na kisanduku alichokitandika kitambaa cheupe, kingo zake zimepindwa kwa mkono. Alikipokea kikiwa na moyo wa mwanawe, akakikumbatia. Hakutamka msamaha, na daktari hakuthubutu kuuomba. Aliomba tu amsindikize makaburini.

"Hapana," mama akasema. "Hili ni la familia."

Daktari alijishtaki kwa mkuu wa chuo, akapewa onyo la barua, jepesi mno hata likamuumiza zaidi. Akaanza kupitia chupa zote, moja moja, akitafuta ndugu za wenye viungo vile. Wengine aliwapata, wengine hawakupatikana tena.

Mwaka uliofuata, siku ya kwanza, wanafunzi walikaa wakingoja ule mzaha waliosimuliwa na wenzao. Yeye alifunua shuka la maiti hadi mabegani, akawaambia kwamba marehemu alikuwa seremala, ameacha mke na mabinti wanne, na mwenyewe aliridhia kwa maandishi alipokuwa hai. Kisha akamwachia kisu mwalimu mwenzake aliyesimama kando yake, akaenda kusimama dirishani.