Kabichi za Bondeni

Nyonga ya Baba ilipomkataa, shamba la bondeni nililishika mimi. Miaka kumi na minne nimeotesha miche ya kabichi, nimepanda, nimepalilia, nimepakia magunia ya kwenda sokoni. Mdogo wangu wa kiume alikuwa mjini akishika kalamu, ndiyo maana nyumbani tunamwita Msomi. Ofisi yao ilipofungwa akarudi na begi moja na viatu vya ngozi.

Wiki ya mvua za kwanza Baba alituita sebuleni.

"Msimu huu Msomi ndiye atafungua shamba," akasema. "Kabichi zikifika sokoni salama, bonde namwandikia yeye. Wewe mwanangu utaolewa."

Nina miaka thelathini na minane. Habari za kuolewa kwangu zilishapoa zamani, na Baba anajua. Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria zilizokuwa safi.

Nyumbani kwetu anayefungua shamba hasemeshwi wala hakosolewi. Yeye ndiye anaamua mstari upite wapi na shimo liwe na kina gani, wengine wanamfuata mpaka miche iishe. Sheria hiyo Baba aliiweka baada ya kugombana na kaka yake shambani siku nzima, mpaka jua likazama miche imewakaukia kwenye beseni.

Nyuma ya banda la kuku kuna mafungu mawili ya mbolea. Moja lina miezi mitatu, nimeligeuza mwenyewe mpaka limepoa, ukishika unadhani ni udongo tu. Jingine lilikuwa la wiki ile ile, likifuka mvuke asubuhi na kuwasha macho. Msomi alisimama katikati ya yale mafungu, akanusa huku, akanusa kule, kisha akazamisha koleo kwenye lile bichi.

"Dada, hii ndiyo kali," akasema, amefurahi.

"Mm," nikamjibu.

Ningeweza kusema. Neno moja tu, "Hiyo inaunguza." Lakini roho ilikuwa imeniuma mpaka imekuwa ngumu, na sheria ya Baba nikaiona tamu siku hiyo. Msomi alitia konzi ya mbolea kila shimo, mimi nikamfuata na beseni nikimpa mche mmoja mmoja. Tulipanda bonde zima. Jioni alinishukuru, akasema hakujua kama kilimo kina raha hivi.

Siku ya nne majani yalianza kukauka pembeni. Siku ya tisa mistari yote ilikuwa imelala, rangi ya karatasi ya kaki. Kuotesha miche mingine ni mwezi mzima, na soko halimsubiri mtu.

"Nimekosea wapi?" Msomi akaniuliza. Nikamweleza.

"Sasa Dada, si ulikuwa umesimama pale pale?"

"Anayefungua hasemeshwi."

Akaenda kukaa peke yake ukingoni mwa shamba. Nilidhani nitafurahi. Nikainama nikaanza kung'oa miche iliyokufa, mmoja mmoja.

Kesho yake Baba akataka apelekwe bondeni. Aliinama kwa shida na fimbo yake, akaokota udongo shimoni, akaunusa.

"Miche nani alikuwa anampa?"

"Mimi."

"Pua unayo?"

"Ninayo, Baba."

Akapangusa mkono kwenye suruali. "Sheria ile niliiweka msigombane. Sikuiweka mniunguzie shamba. Huyu hajui, angefundishwa. Wewe nikufundishe nini?"

Kabla wiki haijaisha bonde akamkodishia jirani yetu, Mzee Taratibu, mtu ambaye hata akikimbia mvua anakuambia taratibu. Amemkodishia misimu kumi. Msomi alirudi mjini kutafuta kazi. Aliniaga kwa heshima, kwa mkono, kama anavyoagwa mgeni.

Msimu wa soko uliofuata ulipofika nilikwenda na kikapu. Meza yangu ya zamani ya kuuzia kabichi ilikuwa na mke wa Mzee Taratibu, na mbele yake wamejipanga wateja niliowazoea. Nikasimama nyuma yao. Zamu yangu ilipofika alichagua kabichi moja kubwa, akaigonga kwa kidole.

"Chukua hii, imefunga vizuri. Ya bondeni kwenu," akasema, bila ubaya wowote.

Nilimlipa. Sikuwahi kununua kabichi tangu nizaliwe.

Usiku ule nilimpikia Baba. Alikula polepole, akaomba niongeze, akala tena, kisha akafuta mdomo.

"Aliyeilima hii anajua kazi," akasema.

Zangu alizila miaka yote ile, na neno hilo hakuwahi kunipa.