Presha ya Mjomba

Mjukuu wangu wa kike alijifungia bafuni na wembe asubuhi, watu wakinywa chai. Wiki nzima alikuwa halali, anaongea na ukuta kwa upole kuliko tunavyoongea sisi kwa sisi. Mama yake akapiga simu, na gari la wagonjwa likaja na king'ora mpaka mlangoni kana kwamba limeleta bwana harusi. Mtaa wote ukamwagika nje. Wengine walikuja na viti.

Wahudumu walikuwa wawili: dereva mwenye kijiti cha meno mdomoni, na mwanamke mnene aliyebeba mashine ya kupimia presha. Mwanamke akagonga bafuni.

"Mwanangu, huwa unasikia sauti?"

"Nazisikia," mjukuu akajibu. "Yako, ya mjomba, na za hao dirishani. Waondoke kwanza. Wakiniona natolewa, najikata."

Lugha nyepesi kabisa. Lakini mjomba wake, ambaye kwa bahati mbaya nilimzaa mimi, alikuwa kibarazani anawahutubia majirani kuhusu vichaa wa ukoo wa baba yake msichana. Upande wetu, alisema, hatuna. Nikamtazama yeye mwenyewe.

"Mzee, waambie watawanyike," mhudumu akamwomba.

"Siwezi kufukuza watu waliokuja kutuhurumia."

Waliokuja kutuhurumia walikuwa wanapiga picha.

Sasa, mwanangu huyu ana ugonjwa mmoja anaoupenda kuliko mkewe: presha. Hujamaliza kumsalimia, ameshakutajia ilivyosoma jana. Nikamsogelea.

"Mwanangu, mbona umebadilika rangi?"

"Nimebadilika?"

"Na shingo imevimba. Lakini usijali, endelea na hotuba."

Akakaa chini mwenyewe. Mhudumu akamfunga kitambaa mkononi, na mashine haijamaliza kuvuma, mama wa watu ameshatamka: "Ipo juu sana. Kwa taratibu zetu, mwenye hii hatembei. Alazwe."

Akanitazama, nami nikamtazama. Kumbe hakuwa mjinga kama nilivyomdhania.

Wakamlaza kwenye machela, wakamkaza mikanda. Ndipo akaanza kupiga kelele kwamba mgonjwa si yeye. Maneno hayo, ukiyasema ukiwa umefungwa mikanda, heri ungenyamaza.

"Wote husema hivyohivyo," jirani mmoja alisema, akikunja kiti chake.

Mhudumu akamnong'oneza dereva; dereva akawasha king'ora, akaondoka na mjomba. Watu wakalisindikiza gari mpaka mwisho wa mtaa, kisha wakatawanyika makwao wameshiba.

Mhudumu alibaki nami. Nikagonga mlango wa bafu.

"Wameondoka."

"Na mjomba?"

"Huyo ndiye aliyechukuliwa."

Kikatoka kicheko, kibovu, lakini kicheko. Wembe ukapita chini ya mlango, mhudumu akaukanyaga. Komeo likafunguka.

Mjukuu na mhudumu wakatokea mlango wa nyuma wameshikana mikono, mpaka kona ya pili, dereva alikokuwa anawasubiri. Mjomba akafunguliwa, akashushwa ampishe mgonjwa. Akarudi kwa miguu, shati nje, akimweleza kila aliyekutana naye kwamba ana akili timamu.

Mjukuu alirudi mwezi uliofuata. Anameza dawa zake, analala. Majirani bado hunisimamisha njiani, wanashusha sauti, wananiuliza mwanangu anaendeleaje.

Nawaambia anajitahidi.