Jicho la Pili

Mwanasha alipomchapa mumewe kwa ufito, hakukusudia jicho. Ulikuwa mwaka ule wa amri ya kubomoa nyumba na kuhamia vijiji vipya, na Fakihi, balozi wa nyumba kumi huko Miteja, aliamua kuezua paa lake mwenyewe kwanza ili wengine wasipate la kusema. Nyumba ambamo mkewe alizaa watoto wanne! Mwanasha akaokota ufito, akapiga, ncha ikaingia jichoni.

Fakihi aliwaambia watu kuwa ufito ulimrukia akiezua. Wakampa pole, na mkewe wakampa pole pia. Hata walipokuwa wawili tu hakumgombeza, na hilo ndilo lililomla Mwanasha. Angepigwa, yangeisha.

Walipanda lori la korosho mpaka hospitali moja ya misheni. Daktari Severini alilisafisha jicho, akamwacha mgonjwa amelala kwa dawa ya usingizi, akamwita Mwanasha barazani.

"Lile halitaona tena," alisema. "Na lisipotolewa ndani ya wiki mbili, linaweza kuliua la pili."

Mwanasha aliuliza jicho moja linaliuaje jingine. Daktari akamweleza taratibu kwamba mwili una askari wake wa kupigana na maradhi, na ndani ya jicho kuna vitu ambavyo askari hao hawavijui, kwa kuwa vimefichwa tangu mtu akiwa tumboni. Jicho likipasuka wanaviona, wanadhani ni adui, kisha wanamfuata adui huyo hata kwenye jicho zima lisilo na kosa. Mwanasha alielewa upesi. Mgambo waliosimamia kuhamishwa kwake aliwajua kwa majina, na wengine aliwahi kuwapa uji wakiwa watoto.

Daktari alikuwa na safari ya Mtama. Mgonjwa akiamka aelezwe, alisema, naye akirudi baada ya wiki atalitoa.

Fakihi alipoamka aliuliza daktari kasemaje. Mwanasha alimtazama. Jicho likitolewa, kosa lake litakaa usoni pa mumewe kila alfajiri, na watoto watauliza. Likibaki, hata likiwa jeupe, litazoeleka. Ukipenda, chongo huita kengeza. Akasema daktari ameridhika, warudi nyumbani. Aliusema uongo ule kwa sauti ya mapenzi, na mapenzi yalikuwemo kweli.

Mwezi wa pili tangu warudi, jicho lililobaki zima likawa jekundu. Mwanga ulimchoma Fakihi, sura za watu zikaingia ukungu. Mwanasha alijua, na Mungu anajua kuwa alijua. Alimkanda kwa maji ya chumvi, akaita mtu wa kumsomea, na siku zikapita. Alipompeleka hospitali, Daktari Severini alimpa dawa, lakini kilichokwisha kuharibika hakikurudi.

"Kwa nini mlikataa nilitoe?" daktari aliuliza. "Nilimweleza mkeo. Niliporudi nilikuta kitanda kitupu."

Fakihi aliugeuza uso upande wa ukutani, akidhani mkewe yuko huko.

Walipofika kijiji kipya walikohamishiwa, Mwanasha alipiga magoti, akaomba talaka. Arudi kwao, alisema, dada zake Fakihi wamtunze ndugu yao. Kati ya adhabu zote aliiona hiyo ndogo, ndiyo maana akaiomba.

"Talaka sikupi," Fakihi alisema, kwa upole uleule aliotumia kuamua ugomvi wa majirani. "Ufito nilikusamehe siku ileile. Hili sikusamehe. Utanipeleka chooni, utanipeleka msikitini, utanieleza kila unachokiona, nami kwa kila neno nitajiuliza kama ni kweli. Haya, anza. Mbele yangu kuna nini?"

Mwanasha alitazama huku na huku, kana kwamba kuna kingine cha kutaja.

"Ni mimi," alisema.

Fakihi alinyoosha mkono, akampapasa paji la uso, pua, na mashavu yaliyolowa machozi. Akaurudisha mkono, akaufuta kwenye shuka.

"Labda," alisema.