Misonobari ya Wattie

Jumba la klabu yetu ya gofu lilivuja hadi tukawa tunacheza karata na makoti mwilini. Nje kulikuwa kubaya zaidi. Uwanja ule wa kando ya bahari, ambao zamani ulivuta wachezaji kutoka Edinburgh, ulikuwa umeoza nyasi chini ya misonobari iliyoziba upepo na jua. Wanachama wakahama mmoja mmoja.

Erskine Mutch, nahodha wetu, akaita fundi wa viwanja. Fundi akauzunguka, akasema, "Ardhi hii ni ya kuwa wazi. Kateni miti. La sivyo hata mkiezeka paa jipya, hatakuja mtu."

Tukamgeukia Erskine. Miti ile ilipandwa na Wattie, kaka yake Erskine, kumkumbuka mwanawe Davie aliyekufa maji. Wattie naye alishafariki. Mjane wake, Rhona, ndiye aliyekuwa akitupikia supu.

Erskine alimfuata jikoni, nami nikiosha vikombe.

"Shemeji, nina neno."

"Ukianza na shemeji, najua ni baya."

"Miti itabidi ikatwe."

Rhona akaweka mwiko chini. "Wattie aliimwagilia kwa ndoo, mgongo ukamuuma mpaka anakufa. Wewe ulikuwa wapi? Si ulikuwa unapiga gofu yako!"

"Nilichimba naye mashimo ya miche, Rhona. Umesahau?"

"Sijasahau. Ndiyo maana nakulaumu wewe, simlaumu huyo fundi."

"Klabu itakufa."

"Basi ife! Watu wanakufa, sembuse klabu?"

Kura ikapigwa, ikapita.

Siku ya kukata, Rhona alikuja na kiti chake akakaa uwanjani. Erskine akamsihi achague mti mmoja ubaki.

"Davie hakuwa mti," akajibu. "Kata yote. Ila kata wewe mwenyewe. Vibarua wasiiguse."

Erskine, mzee wa magoti mabovu, akashika msumeno. Kufikia jioni hakuweza hata kufunga kifungo cha koti. Msonobari wa mwisho ulipolala, Rhona alikunja kiti akaenda zake.

Kiangazi kilichofuata nyasi zilirudi, na wageni pia. Tukazindua jumba lenye paa jipya, wiski ikamiminwa. Rhona hakutokea, na jikoni hakurudi tena.

Kila Jumapili baada ya kanisa Erskine aligonga mlango wake. Haukufunguliwa. Kisha, majani yalipoanza kupukutika, Rhona akaufungua kidogo tu.

"Tangu mkate miti upepo unafika huku," akasema. "Umeniangushia uzio."

Erskine akaenda kutafuta nyundo. Hakukaribishwa ndani.