Shavu la Mama Ritsu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Sayoko Igarashi alikuwa akisugua vijiko kiwandani Tsubame, kofi la kwanza lilipomfika. Lilitoka Tokyo, mwendo wa saa mbili kwa treni ya kasi, lakini lilifika papo hapo. Lilimgeuza kichwa na kuiangusha kofia yake. Aliiokota kwa mkono wake wenye kidole cha mwisho kilichopinda tangu kuzaliwa, kama cha mwanawe, kisha akamaliza vijiko vya zamu yake.

Mwanawe Ritsu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amechukuliwa mwezi wa Aprili na kampuni inayolea wavulana wa kuimba na kucheza jukwaani. Uso wa mvulana ndiyo bidhaa ya kampuni, na bidhaa haitiwi alama. Kwa hiyo maumivu yalibaki kwa mtoto, jeraha likaenda kwa mama. Mkataba ulilieleza jambo hilo katika ukurasa wa tisa, chini ya kifungu cha unyoaji wa nywele.

"Vidole vinne, ndani ya mwezi mmoja tu!" alisema msimamizi wa kiwandani, Bi Kanbara, akilikagua shavu. "Hongera, Mama Ritsu. Mtoto wa dada yangu alikaa mwaka mzima hajavutwa hata sikio. Wakamrudisha."

"Wangu bado mzito wa miguu."

"Acha zako! Mwalimu gani atachosha mkono wake bure?"

Mwezi wa Mei Sayoko aling'oka jino. Mwezi wa Juni zilivunjika mbavu mbili, na majirani wakamletea wali wa maharage mekundu, kama wafanyavyo penye jambo la heri.

Jumapili Ritsu alipiga simu.

"Mama, zilikuwa mbavu, sivyo? Nilizisikia zikilia."

"Mbili tu."

"Mwalimu amesema nikikosea tena ule mzunguko wa dansi, ni jicho. Mama, njoo unitoe huku. Nimeshindwa."

"Nakuja," alisema Sayoko.

Aliomba ruhusa kazini. Hata hivyo ilikuwa Julai, na mwezi huo hakuna amwendeaye mwalimu mikono mitupu. Ni msimu wa zawadi za shukrani. Alinunua boksi la vijiko kumi na viwili, vile alivyovisugua mwenyewe, akalifunga kwa utepe wa karatasi ulioandikwa jina lake. Hakuwaza kufanya vinginevyo. Ndani ya treni alirudiarudia maneno yake: Nimekuja kumchukua mwanangu.

Mwalimu Domon alikuwa mtu mfupi, mwenye kucha safi. Wavulana ishirini walisimama safu moja mbele ya kioo, naye akawapitia kwa ufito wa mwanzi, na kila aliyepigwa akasema "Ahsante, Mwalimu" bila kupoteza mapigo ya muziki. Sayoko alimkabidhi boksi kwa mikono miwili. Domon alilipokea kwa mikono miwili, akausoma utepe, akainama.

"Kumbe unanikabidhi mwanao tena, Mama Ritsu. Usihofu. Nitamlea kama niliyemzaa."

Zawadi ilikwishapokewa. Mtoaji wa zawadi ya Julai ameomba malezi yaendelee. Kumdai mtoto baada ya hapo kungekuwa kumwaibisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Sayoko aliyatafuta maneno aliyoyarudia ndani ya treni, akayakosa, akainama.

"Tafadhali endelea kumwangalia," alisema.

Ritsu alisikia. Hakulia. Aliugeukia mzunguko, akaukosea, na ufito ukashuka usoni mwake. Jicho la kushoto la Sayoko lilipasuka. Damu ilimwagika kwenye sakafu, na mvulana mwenye zamu ya usafi akaipiga deki. Domon alimpa Sayoko karatasi laini.

"Treni yako ni ya saa ngapi?" aliuliza.

Miaka minne baadaye, mwezi wa Juni, Ritsu aliimba katikati ya jukwaa mbele ya watu elfu hamsini. Sayoko aliketi upande wa jamaa, jirani na Bi Takase wa Kumamoto, ambaye mwanawe wa miaka kumi na miwili alicheza safu ya mwisho, nyuma ya Ritsu. Baada ya wimbo wa sita taa zilizimwa, wavulana wakaenda nyuma ya pazia kubadili mavazi.

Mdomo wa Bi Takase ulichanika. Meno mawili yalimwangukia mapajani. Alitoa kioo cha mkobani na kimulimuli cha kupungia waimbaji, akalimulika shavu lake. Alama haikuwa ya ufito. Ilikuwa ya kiganja chembamba, chenye kidole cha mwisho kilichopinda.

Sayoko alimnyooshea kitambaa. Bi Takase aliutazama mkono ule kwa muda, kisha akainama hadi paji la uso likagusa kiti cha mbele.

"Mama Ritsu, ahsante sana. Mwambie mwanao asichoke na wetu."

"Hongera," alisema Sayoko.

"Mwezi ujao ni Julai. Yeye anapenda nini?"

Sayoko alifikiri, akaona kwamba hajui.

"Matikiti," alisema. Taa zikawaka, nao wakasimama kushangilia.